Kijana Atakaye Kuwa Askari Polisi Aingie kwa Mlango Gani?



Kila mara tangazo la ajira la Jeshi la Polisi linapotoka, ua wa nyumba yangu hujaa vijana. Huja na vyeti vyao ndani ya mifuko ya nailoni ili mvua isivipate, nao hutaka jambo moja tu: barua ya Mchungaji ya kushuhudia tabia zao. Wakiisha kwenda, huja wazee. Hao hawataki barua, bali wataka shauri. Vijana huuliza, "Mtu aingiaje katika polisi?" Wazee huuliza, "Je, yampasa Mkristo kuingia?" Kwa muda mrefu nalidhani ya kuwa swali la wazee ni la dini, na la vijana ni la dunia tu. Sasa nimegeuka. Naona ya kuwa swali la vijana ndilo lenye dini zaidi, na hapa nitaeleza sababu, pamoja na kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

Swali la wazee nitalijibu upesi, maana baba zetu wa imani walilijibu zamani. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika sehemu yake ya kumi na sita, lafundisha ya kuwa Mkristo aweza kushika kazi ya utawala, kuhukumu kwa sheria, kuwaadhibu wabaya na kuwa askari, wala asitende dhambi kwa sababu ya kazi yenyewe. Hata kabla ya hapo, mwaka 1523, Dokta Martin Luther aliandika juu ya mamlaka ya dunia, akafundisha ya kuwa Mkristo akiona watu wa kuwakamata wahalifu wamepungua, naye anafaa kwa kazi hiyo, na ajitoe, kwa kuwa ni utumishi kwa jirani. Tena mwaka 1526 alimwandikia mkuu mmoja wa askari, jina lake Assa von Kram, aliyesumbuliwa na dhamiri yake, akimjibu kama askari naye aweza kuokolewa. Katika jibu lile alitenga kazi na mtu: kazi yaweza kuwa njema, na mtu aifanyaye akawa mwovu.

Na kabla ya hao wote, askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakamwuliza watende nini. Twaisoma habari hii katika Luka, mlango wa tatu. Yohana hakuwaambia waache kazi yao. Aliwaonya juu ya mambo matatu: kuwadhulumu watu kwa nguvu, kuwasingizia, na kutotosheka na mshahara. Mimi nimesikia malalamiko mengi juu ya polisi katika miaka yangu ya uchungaji, nikajaribu kutafuta moja lisiloingia katika hayo matatu, nisilipate. Msomaji na ajaribu.

Najua ya kuwa hofu ya wazee haitoki katika vitabu. Jeshi la Polisi la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1919, makao yake yakiwa Lushoto, yakahamia Dar es Salaam mwaka 1930, na Mwafrika wa kwanza kuliongoza, Elangwa Shaidi, alipewa cheo hicho baada ya uhuru tu. Babu zetu walimjua askari kuwa mtu aliyekuja pamoja na boma, kodi na kiboko. Jambo ambalo babu ameliogopa, mjukuu hulirithi pasipo kuelezwa.

Lakini sisi wa Rusumo tunayo sababu nyingine ya kutolipita swali hili kwa haraka, kwa kuwa tunakaa kando ya daraja. Mto Kagera unapoporomoka kwenye miamba, hapo ndipo nchi yetu na Rwanda zinapokutana. Siku zile za tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja hilo katika muda wa siku moja, wamebeba magodoro, masufuria na watoto. Walinzi wetu wa mpaka walikuwa wachache mno mbele ya umati ule. Hata hivyo waliokuja na silaha walizitoa, na mapanga na marungu yakawa malundo kando ya njia. Watu wa rika la wazazi wangu wangali wakiyasimulia malundo hayo, nao husimulia kwa sauti ya chini.

Sasa na tuvuke daraja kwa mawazo. Ng'ambo ya pili palikuwa na komyuni iliyoitwa Rusumo vilevile, jina lile lile. Kiongozi wake alikuwa bwana Sylvestre Gacumbitsi, na polisi wa komyuni walikuwa chini yake. Tarehe 15 Aprili 1994, wiki mbili kabla ya umati ule kuvuka, watu waliokuwa wamekimbilia kanisa la Nyarubuye walishambuliwa na kuuawa, na Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilithibitisha ya kuwa kiongozi huyo alikuwapo, pamoja na polisi wa komyuni, wakishiriki katika shambulio hilo. Alihukumiwa mwaka 2004 kifungo cha miaka 30, na mwaka 2006 majaji wa rufani wakakifanya kuwa kifungo cha maisha.

Basi, mwezi mmoja, mto mmoja, jina moja. Upande huu watu wenye sare wanapokea mapanga, upande ule watu wenye sare wanawatangulia wenye mapanga. Sitaki msomaji adhani ya kuwa nasema watu wa huku ni wema kwa kuzaliwa. Mwezi wa Desemba 1996 wakimbizi waliamriwa kurudi kwao, nao askari wetu waliitimiza amri hiyo, wala si wote waliorudi kwa hiari yao. Ninalosema ni hili: mtu mwenye sare siku moja aweza kuambiwa atende jambo lisilopasa, na siku hiyo hapati nafasi ya kwenda kumwuliza Mchungaji wake. Atajibu kwa moyo aliokuwa nao tangu zamani. Uwezo wa kusema "hapana" haugawiwi pamoja na viatu na kofia. Kijana huja nao, au huja pasipo nao.

Ndiyo maana nasema swali la vijana ni kubwa. Jinsi mtu aingiavyo yaonyesha ni mtu gani aliyeingia.

Masharti yenyewe si siri. Jeshi huyatangaza, na katika matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa karibu yale yale. Mwombaji awe Mtanzania wa kuzaliwa, mwenye cheti cha kuzaliwa na namba ya kitambulisho cha Taifa. Awe amemaliza kidato cha nne au cha sita, au chuo. Wa kidato cha nne na cha sita huwa wa umri wa miaka 18 hadi 25. Awe na afya njema na kimo kilichotajwa, asiwe na michoro mwilini, asiwe amepatikana na hatia ya jinai. Asiwe ameoa wala kuolewa, wala asiwe na mtoto. Barua ya maombi aiandike kwa mkono wake mwenyewe, na maombi huyapeleka kwa njia ya intaneti. Akiitwa huenda kwenye usaili, vyeti vyake na mwili wake vikachunguzwa, kisha akichaguliwa hupelekwa mafunzoni, hasa katika Shule ya Polisi iliyoko Moshi, na baada ya hayo huapa na kuanza kazi akiwa konstebo. Hakuna ada. Anayedai fedha ili amwingize mtu ni tapeli, au ni mla rushwa.

Huo ndio mlango. Lakini watu wetu wamezoea kuulizia dirisha.

Dirisha la kwanza ni fedha. Nimeona familia zikiuza ng'ombe, na moja iliuza shamba la migomba lililowalisha tangu enzi ya babu, ili wampe mtu aliyejiita "mtu wa ndani." Mara nyingi mtu huyo hakuwa wa ndani wala wa nje, simu yake ilizimwa, na ng'ombe hakurudi. Wazazi huja kwangu wakilia kwa kuibiwa. Nawahurumia, lakini mara moja nalimwuliza baba mmoja, "Kama yule mtu angekuwa mkweli, na mwanao angeingia, je, ungekuja kulia?" Akanyamaza. Kwa maana mwenye kununua kazi ya ulinzi ni lazima airudishe fedha yake, naye hana shamba la kuirudisha ila barabara na mifuko ya watu wapitao. Tume ya Jaji Joseph Warioba mwaka 1996 iliandika wazi juu ya rushwa katika polisi na mahakama, na mwaka 2023 Tume nyingine, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliundwa ili kuzichunguza taasisi za haki jinai. Tume huanza kutazama mtu akiisha kuwa askari. Sisi wa usharika twamwona mapema zaidi, wakati baba yake anapomfungua ng'ombe kamba.

Waalimu wa dini na wainjilisti huniuliza kama Maandiko yana mfano wa jambo hili. Uko mfano, nao hauko pale watu wautafutapo. Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 22, jemadari Klaudio Lisia amwambia Paulo ya kuwa uraia wake wa Kirumi aliupata kwa mali nyingi. Paulo alizaliwa nao. Tukimtazama Lisia, hakuwa mtu mbaya. Alimwokoa Paulo katika ghasia, alimsikiliza yule kijana mtoto wa dada yake Paulo, akamtoa Paulo usiku kwa ulinzi mkubwa. Mtu angesema, tazama, aliyenunua amefanya kazi yake vizuri. Lakini soma barua aliyomwandikia liwali Feliki katika mlango wa 23, kisha rudi usome mambo yalivyotokea. Yeye aandika ya kuwa alikwenda kumwokoa Paulo kwa kuwa alisikia ni Mrumi. Haikuwa hivyo. Alimkamata na kumfunga minyororo miwili, akaamuru achapwe mijeledi, ndipo aliposikia ya kuwa ni Mrumi, akaogopa. Minyororo haimo katika barua yake, wala mijeledi haimo. Ni taarifa safi, iliyopangwa vizuri, na inamfaa mwandishi wake. Polisi wa leo huandika maelezo ya namna hiyo kila siku, na kwa maelezo hayo mtu hulala rumande au hulala kwake. Sisemi ya kuwa Lisia alidanganya kwa sababu alinunua uraia. Nasema tu ya kuwa mwenye kuzoea kuingia kwa njia ya pembeni hapati taabu kuipanga taarifa.

Dirisha la pili ni karatasi za kuzaliwa, nalo kwetu mpakani ni jambo la kuhuzunisha. Wengi wetu tuna bibi aliyezaliwa ng'ambo, au shangazi aliyeolewa huko. Mhangaza na Mrundi wakikutana sokoni husikilizana pasipo mkalimani. Mpaka uliwekwa na Wazungu, nasi tulizaliwa pande zote mbili zake. Mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga, wako waliotakiwa kuthibitisha utaifa wao nao wakakosa hata karatasi moja, ingawa baba zao walizikwa hapa. Basi, yuko kijana aliyezaliwa kweli katika kata yetu, mwenye haki kamili, naye hana cheti. Mtu amwambia, "Lipa kidogo, nitakupatia kesho." Haki yake ni ya kweli, na njia anayoishika ni ya uongo. Kijana wa namna hii nampa shauri jepesi: aende ofisi ya wilaya akaandikishwe kwa utaratibu wa waliochelewa, nami nitamfungulia daftari la ubatizo, nimwandikie alibatizwa lini na wazazi wake ni nani. Hii huchukua muda, na wengine hupitwa na tangazo la mwaka ule. Ni hasara, nami sina la kuipunguza.

Nimefika sasa penye jambo lililonifanya niandike.

Mwaka jana alikuja kijana wa mtaa wetu mmoja, mwimbaji wa kwaya, mwenye matokeo mazuri ya kidato cha nne. Sijapata kumsikia akitukana mtu. Kama ningeulizwa nimtaje kijana mmoja wa kumkabidhi bunduki usiku, ningemtaja yeye. Naye alikuwa na mtoto wa kike wa miaka miwili, aliyezaa na msichana asiyemwoa, na mtoto alilelewa na bibi yake mzaa baba. Jambo hilo lilijulikana. Alikwisha kutubu mbele ya wazee wa usharika, akarudishwa mezani pa Bwana. Akaniomba barua.

Nikamwuliza, "Mwanangu, na lile sharti la mtoto?"

Akasema, "Baba Mchungaji, ni mstari mmoja tu. Nitaandika sina. Wewe huna haja ya kuandika neno lo lote juu yake. Andika tabia yangu tu."

Nikamwambia ya kuwa nikiiandika tabia yake na kuuficha ukweli anaouficha, nitakuwa nimeuficha pamoja naye. Ndipo alipotoa hoja zake, nami nakiri ya kuwa zilikuwa na nguvu. Alisema, "Nikisema kweli, sitachukuliwa, na mtoto atashinda njaa. Nikisema uongo, nitachukuliwa, na mtoto atakula, atasoma, atavaa viatu. Je, mtoto atapenda lipi?" Tena akasema, "Katekismo yatufundisha katika amri ya nane tumsemee jirani mema na kumfunika. Nami ni jirani yako." Tena akanikumbusha habari za wakunga wa Waebrania waliomdanganya Farao, na Rahabu aliyewaficha wapelelezi, nao wakapata baraka.

Sikumjibu siku ile. Nalimwambia arudi Jumamosi.

Nalikaa na maneno yake siku tatu. Kwa habari ya wakunga na Rahabu, naona ya kuwa wao waliulizwa na watu waliotaka kuua. Kumwambia mwuaji mahali alipo mtoto ni kumsaidia kuua. Lakini wenye kuuliza katika fomu ya polisi hawakuja kumwua mtoto. Wanauliza kwa sababu wanataka askari asiyefungwa na nyumba wakati wa mafunzo na kuhamishwa. Sharti hilo laweza kuwa gumu kuliko ipasavyo. Mimi mwenyewe naliona gumu, tena naona lawafundisha vijana wetu kuwakana watoto, na mtu wa Kanisa aweza kulisema hili wazi mbele ya wakubwa. Lakini kuliona sharti kuwa gumu hakumpi mtu ruhusa ya kulijibu kwa uongo. Kama ndivyo, kila dereva atakayekamatwa naye barabarani atamwambia ya kuwa sheria ya mwendo ni ngumu.

Kwa habari ya amri ya nane, kumsemea jirani mema ni kuyatafuta mema yaliyomo ndani yake na kuyataja, si kumtungia mema yasiyokuwamo. Tena nalijiuliza, jirani ni nani hapa? Mimi na yeye tulikuwa wawili tukizungumza barazani, na yuko wa tatu asiyejua kusema vema bado, ambaye juu yake twataka kuandika ya kuwa hayuko. Petro alipouliziwa habari za Bwana wake penye moto wa makaa, hakumdhuru kwa mkono. Alisema tu ya kuwa hamjui. Nasi twahesabu neno lile kuwa dhambi kubwa kuliko upanga aliouchomoa bustanini.

Hoja ya chakula sikuweza kuivunja, wala hata leo sijaivunja. Mshahara wa konstebo ungemlisha yule mtoto. Kibarua cha kupakua malori hapa mpakani humlisha leo, na kesho hakimlishi. Anayesema ya kuwa ukweli hulipa upesi hajakaa na mjane mwenye mjukuu.

Lakini liko jambo nililolijua mimi, ambalo kijana hakulijua, nalo ndilo lililoniamulia.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, nilipokuwa mgeni katika uchungaji, kijana mwingine aliniomba barua kama hii, naye alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka miwili. Nalijua. Nikaandika ya kuwa namfahamu, ni mwaminifu, ni Mkristo wa matendo. Juu ya mtoto sikuandika neno, nikajiambia ya kuwa sikuulizwa. Akachukuliwa. Leo ni askari katika mkoa mwingine, na habari zake nizisikiazo ni njema. Hupeleka fedha kwa mama yake, hupeleka sadaka kwa usharika wake wa nyumbani, wala sijasikia ya kuwa amemwonea mtu. Kwa hiyo siwezi kuwaambia ya kuwa uongo ule ulimgeuza akawa askari mbaya. Ingekuwa rahisi kwangu kuandika hivyo, lakini si kweli.

Kilichotokea ni kingine. Ili fomu isipingwe, nyumba yote ililazimika kuifuata. Yule mtoto alifanywa kuwa mziwanda wa bibi yake. Bibi yake humwita mama, na baba yake humwita kaka. Kijiji kizima kinajua, na kwa sababu kinajua, askari yule hukiogopa kijiji. Anapokuja likizo hukaa siku mbili, hakai ya tatu. Mtu mmoja mwenye ulevi alipata kudai fedha kwake ili anyamaze, naye akampa. Yeye aliyejifunza Moshi namna ya kumkamata mwenye kutisha watu ili apewe fedha, alitishwa nyumbani mwa mama yake akatoa. Nami ninapomwona yule mtoto katika Shule ya Jumapili, nakumbuka ya kuwa barua yangu ilisaidia kumnyima baba, kwa neno nililoliacha.

Jumamosi kijana aliporudi, nalimsimulia habari hizi pasipo kutaja jina. Kisha nikampa barua. Nilikuwa nimeandika ndani yake ya kuwa ni mtu mkweli, ya kuwa alikosa na akatubu, ya kuwa ana mtoto mmoja ambaye amemkubali mbele ya usharika na anamtunza, na ya kuwa kama sharti laweza kulegezwa kwa mtu ye yote, nashauri lilegezwe kwake. Akaisoma amesimama. Akasema, "Baba Mchungaji, barua hii haifai kitu." Nikamwambia, "Najua, mwanangu. Lakini siwezi kuandika nyingine." Akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni, akaenda zake.

Mama yake alikuja jioni. Hakuketi. Aliniuliza kama watoto wangu wamekula siku hiyo. Nikasema wamekula. Akasema, "Vema," akaondoka. Ndugu zangu wachungaji, nimesomea theolojia miaka mitano, na jibu la neno hilo sikufundishwa.

Hakupeleka maombi. Alikwenda mafunzo ya mgambo, na sasa analinda usiku katika yadi moja ya malori huko Benaco, kwa malipo madogo. Sikukuu ya Pentekoste alimleta binti yake abatizwe, akasimama naye mbele ya madhabahu, na mahali pa jina la baba katika daftari aliandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa. Kwaya hajairudia. Mama yake hunisalimu kwa mkono mmoja.

Kwa yule askari nalimwandikia barua, nikakiri kosa langu kwake, nikamsihi aje amwambie mtoto yeye mwenyewe kabla mtoto hajaambiwa na wengine. Nalimwambia pia ya kuwa sijui wakubwa wake watafanya nini wakisikia, na ya kuwa kama jambo hili litamletea hasara, nitakwenda naye nikaseme nililolificha mimi. Alijibu kwa heshima ya kuwa atakuja wakati wa likizo. Likizo moja imepita.

Mtoto ameingia darasa la Kipaimara mwaka huu, naye yuko penye amri ya nne. Juma lililopita mwinjilisti aliniletea daftari la wanafunzi akaniuliza aandike nani penye jina la baba, maana katika daftari la zamani pameandikwa jina la babu. Nimemwambia aache nafasi.